Kuchagua programu ya kuendesha biashara: somo kwa wenye maduka na vikundi vya Ewuaso Kedong

Mwenye duka la pembejeo katika soko la Ewuaso Kedong anapoamua kuacha daftari na kununua programu ya kompyuta, kitu cha thamani kubwa anachohamisha ni orodha ya madeni. Katika eneo la wafugaji, orodha hiyo ni sehemu ya mtaji. Wakati wa kiangazi mteja huchukua chakula cha mifugo, chumvi na dawa, akiahidi kulipa mvua ikinyesha na ng'ombe wakipata bei. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, maeneo kame ya Kenya yalikosa mvua ya kutosha kwa misimu 5 mfululizo, na familia nyingi zilipoteza mifugo ambayo wangeiuza kulipa madeni. Katika hali kama hiyo, duka lenye kumbukumbu sahihi linaweza kuketi na mteja na kupanga malipo upya. Duka lisilo na kumbukumbu hubaki kubishana naye.

Kwa hiyo kuchagua programu si jambo la kumwachia kijana anayejua kompyuta peke yake. Ni uamuzi wa mwenye biashara. Somo hili linaeleza namna ya kuufanya, hatua kwa hatua.

Mfumo wa ERP ni nini

Biashara hufanya kazi kadhaa kwa pamoja: hununua, huuza, huweka bidhaa stoo, hukopesha, hulipa mishahara na hulipa kodi. Kila kazi ikiwa na daftari lake, habari ileile huandikwa mara 3 au 4, na mara nyingi madaftari hayapatani. Mfumo wa ERP ni programu moja inayounganisha kazi hizo. Karani akiuza magunia 2 ya simiti kwa mkopo, stoo inapungua magunia 2, deni la mteja linaongezeka, na hesabu ya mauzo na kodi inajirekebisha papo hapo. Kitu kimeandikwa mara moja tu.

Mifumo hii ilianzia viwandani. Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilianza kutumia kompyuta kukadiria malighafi zitakazohitajika. Baadaye ziliongezwa hesabu za fedha, mauzo na wafanyakazi, na mwaka 1990 kampuni ya utafiti ya Gartner ikaupa mfumo wa namna hiyo jina la ERP. Leo kuna mifumo ya makampuni makubwa, kama ile ya SAP ya Ujerumani, na kuna midogo ambayo duka la watu 4 linaweza kuimudu. Pia kuna programu huria, kama ERPNext iliyoanzia India na toleo la jamii la Odoo ya Ubelgiji, ambazo hazitozi ada ya leseni.

Nani anauhitaji, na nani asubiri

Si kila biashara inahitaji mfumo kamili. Kibanda cha mboga au duka ambalo mwenyewe hushinda ndani yake kutwa linaweza kuendelea na daftari zuri, kumbukumbu za M-PESA na njia rahisi ya kutoa ankara za kodi. Kununua mfumo mkubwa kwa kazi ndogo ni sawa na kukodi lori kubeba debe moja la maji.

Dalili za kwamba daftari limezidiwa ni hizi:

1. Mwenye duka akiwa safarini Nairobi kununua mali, hawezi kujua kilichobaki stoo bila kupiga simu.
2. Bidhaa zilizohesabiwa mwisho wa mwezi hazilingani na zilizoandikwa, na hakuna anayejua tofauti ilianzia wapi.
3. Wateja wawili kila mwezi wanabishia deni lao, na daftari haliwezi kumaliza ubishi.
4. Biashara ina zaidi ya mahali pamoja pa kuuzia, au ina stoo iliyo mbali na duka.
5. Kuandaa hesabu za kodi kunachukua siku kadhaa kila mwezi.

Dalili moja peke yake inaweza kutibiwa kwa nidhamu ya daftari. Zikiwa 3 au zaidi, ni wakati wa kuanza kutafuta mfumo.

Kazi iandikwe kabla ya programu kuonekana

Kosa linalogharimu zaidi ni kuanza na programu. Muuzaji huja na kompyuta yake, huonyesha michoro ya rangi, na kila kitu huonekana kinawezekana. Mnunuzi ambaye hajaandika mahitaji yake hana kitu cha kupimia anachoonyeshwa.

Lidl, kampuni ya Ujerumani yenye maduka ya vyakula kote Ulaya, ilianza mwaka 2011 kuhamia mfumo mpya wa SAP. Mwaka 2018 iliuacha mradi huo, baada ya kutumia fedha ambazo vyombo vya habari vilikadiria kuwa takriban yuro milioni 500. Sababu moja iliyotajwa sana ni ya kawaida kabisa: Lidl ilizoea kuhesabu thamani ya bidhaa za stoo kwa bei ya kununulia, ilhali mfumo ulitengenezwa kuhesabu kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili desturi yake, na kuubadilisha mfumo ili ufuate desturi hiyo kukawa kazi isiyokwisha.

Duka la Ewuaso Kedong nalo lina desturi zake. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchukua karatasi na kuandika jinsi kazi inavyofanyika wiki nzima: nani huagiza, nani hupokea, nani huruhusu mkopo, nani hushika pesa. Kisha zichaguliwe kazi 4 au 5 ngumu zaidi, na kila muuzaji atakiwe kuzifanya kwenye programu yake mbele ya mnunuzi. Kwa mfano:

Gunia lililofunguliwa. Chakula cha ng'ombe wa maziwa hununuliwa kwa gunia la kilo 70, lakini huuzwa kwa gunia, kwa kilo na kwa gorogoro la kilo 2. Karani auze kilo 5, kisha magorogoro 13. Mfumo uonyeshe kwamba zimetoka kilo 31 na zimebaki kilo 39. Programu inayojua gunia zima tu haifai. Jaribio hilohilo lifanywe kwa misumari, na kwa seng'enge inayouzwa kwa roli na kwa mita.

Deni la boma. Jumatatu mama anachukua magunia 2. Jumatano kijana wake anachukua chumvi. Jumamosi mwenye boma analipa nusu kwa M-PESA, kwa nambari ya simu ambayo duka haliijui. Programu nyingi humtambua mteja kwa jina moja na simu moja, kwa hiyo zitaonyesha wateja 3. Duka linahitaji akaunti moja ya boma inayoonyesha pia nani alichukua nini na siku gani. Bila hilo, ubishi uliokuwa kwenye daftari utahamia kwenye kompyuta.

Malipo kwa mbuzi. Mteja analeta mbuzi, wanakubaliana thamani ya shilingi 8,000, na deni linapungua kwa kiasi hicho. Mfumo lazima uweze kuandika kwamba duka limenunua mbuzi, na kwamba bei yake imelipa deni. Karani akilazimika kuandika kwamba zimeingia shilingi 8,000 taslimu, sanduku la pesa halitalingana na hesabu jioni, na atakayeshukiwa ni yeye.

Dawa zenye tarehe tofauti. Katoni 2 za dawa ileile ya minyoo zina tarehe tofauti za mwisho wa matumizi. Mfumo uweze kuzitenganisha na kumwonya karani ile inayokaribia kuharibika. Hapa jambo si hasara ya duka pekee, bali pia afya ya mifugo na ya wanaokula nyama na kunywa maziwa.

Kikundi cha kukusanya maziwa kitakuwa na majaribio yake: lita za kila mwanachama asubuhi na jioni, maziwa yaliyokataliwa na sababu yake, chakula cha mifugo alichochukua mwanachama kwa mkopo, na malipo ya mwisho wa mwezi baada ya makato. Mwanachama aweze kupata taarifa yake kwa ujumbe wa simu au kwenye karatasi, si kuambiwa tu kwa mdomo.

Kodi na mishahara: mfumo ufuate sheria inavyobadilika

Nchini Kenya, programu yoyote ya mauzo sharti ipatane na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, KRA. Tangu 1 Januari 2024, matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya eTIMS hayakubaliwi kupunguza kodi ya mapato, isipokuwa yale yaliyosamehewa kisheria. Kwa hiyo mteja mwenye biashara, kwa mfano mkandarasi anayenunua simiti, ataidai ankara hiyo.

KRA yenyewe hutoa njia za eTIMS bila malipo, ikiwemo eTIMS Lite kwa wafanyabiashara wadogo, inayopatikana hata kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *222#. Anayenunua programu ya mtu mwingine anapaswa kuhakikisha kwamba imeunganishwa na eTIMS kwa njia iliyoidhinishwa. KRA huchapisha orodha ya kampuni zilizoidhinishwa kufanya kazi hiyo. Muuzaji asiyekuwa kwenye orodha aeleze ankara zitafikaje KRA. Kama jibu ni kwamba karani ataziandika tena upande wa pili, basi faida ya kuandika mara moja imepotea.

Liko pia suala la manunuzi kutoka kwa wafugaji na wakulima wadogo. Mabadiliko ya sheria yaliyoanza Desemba 2024 yanahusu muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka: mnunuzi ndiye anayeweza kutoa ankara kwa niaba yake. Duka linalonunua marobota ya nyasi kavu, au kikundi kinachonunua maziwa, linahitaji mfumo unaoweza kutoa ankara ya aina hiyo. Vilevile, kwa biashara iliyosajiliwa kutoza VAT, mfumo utenganishe bidhaa zinazotozwa asilimia 16 na zile zilizosamehewa.

Mishahara ni kipimo kingine kizuri cha muuzaji wa programu. Viwango vya NSSF vilibadilika Februari 2023 na vikaendelea kupanda kwa awamu. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri uliwekewa sheria mpya Machi 2024. Oktoba 2024, mchango wa SHIF wa asilimia 2.75 ulichukua nafasi ya NHIF. Programu iliyonunuliwa 2022 na kuachwa bila kusasishwa ingemkata mfanyakazi makato yasiyo sahihi, na mwajiri ndiye angewajibika. Kwa hiyo muuzaji aonyeshe alivyoshughulikia mabadiliko hayo, baada ya siku ngapi, na kama wateja wake walilipishwa zaidi.

Mtandao na umeme

Programu nyingi za sasa hukaa mtandaoni. Faida yake ni kwamba kompyuta ikiibwa au ikiungua, kumbukumbu hazipotei, na mwenye duka anaweza kuangalia mauzo akiwa popote. Hasara yake ni kwamba mtandao ukikatika kazi inaweza kusimama.

Jaribio ni rahisi. Muuzaji akiwa dukani, siyo ofisini kwake Nairobi, azime intaneti kwa nusu saa. Karani aendelee kuuza. Kisha intaneti irudishwe, na ionekane kama mauzo yote yameingia, bila moja kupotea au kuandikwa mara mbili. Kwa wanaofuata maziwa au kuuza pembejeo mbali na soko, jaribio lifanyike hukohuko bondeni, kwa simu ileile itakayotumika. Kuhusu umeme, kompyuta ya mkononi au tableti yenye betri nzuri hufaa kuliko kompyuta ya mezani isiyo na kifaa cha kuhifadhi umeme.

Gharama ihesabiwe kwa miaka 5

Bei ya siku ya kwanza haionyeshi gharama halisi. Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu, bei za sokoni ni tofauti.

Programu ya kwanza inalipiwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwa miezi 60 ni shilingi 180,000.

Programu ya pili inanunuliwa mara moja kwa shilingi 90,000 na inahitaji kompyuta ya shilingi 45,000. Kuanzia mwaka wa pili kuna ada ya matengenezo ya shilingi 13,500 kwa mwaka, yaani 54,000 kwa miaka 4. Jumla ni shilingi 189,000.

Programu ya tatu ni huria, haina ada ya leseni. Lakini fundi wa kuiweka na kufundisha wafanyakazi anatoza shilingi 70,000, na nafasi ya kuihifadhi mtandaoni ni shilingi 2,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa miezi 60. Jumla ni shilingi 190,000.

Siku ya kwanza, ya kwanza inadai shilingi 3,000, ya pili 135,000 na ya tatu 72,000. Baada ya miaka 5 tofauti kati yao haifiki 11,000. Hivyo bei isiwe ndiyo inayoamua. Kinachoamua ni ipi iliyofaulu majaribio ya dukani, na ni nani atakayekuja au kupokea simu mfumo ukikwama siku ya soko.

Kumbukumbu ni za nani

Swali hili huulizwa kwa kuchelewa, wakati biashara inataka kuhama au muuzaji amefunga ofisi. Sheria ya taratibu za kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu kwa miaka 5. Akiacha kulipia programu na akafungiwa nje, wajibu huo haufutiki.

Kwa hiyo mkataba uandikwe wazi kwamba kumbukumbu ni mali ya biashara, na kwamba inaweza kuzichukua zote wakati wowote: wateja na madeni, stoo, mauzo na manunuzi, katika faili linalofunguka kwa programu ya kawaida kama Excel. Ahadi hiyo nayo ijaribiwe kabla ya kulipa. Muuzaji atoe faili la madeni, na mwenye duka alifungue mwenyewe kwenye kompyuta nyingine. Baada ya kuanza kazi, nakala ichukuliwe kila mwezi na kuwekwa mahali pengine.

Majina na nambari za simu za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kila mfanyakazi awe na nenosiri lake, na aone yale tu yanayohusu kazi yake. Anayeondoka kazini afungiwe siku hiyohiyo. Orodha ya madeni ya majirani si kitu cha kuonekana na kila apitaye mbele ya kompyuta.

Kuhamia bila kuanguka

Mwaka 1999 kampuni ya Hershey ya Marekani, inayotengeneza chokoleti, iliwasha mfumo mpya mwezi Julai, ikikaribia msimu wa Halloween ambao peremende huuzwa kwa wingi. Mfumo ulikwama, na oda za takriban dola milioni 100 hazikufika kwa wateja ingawa bidhaa zilikuwapo kwenye maghala.

Katika eneo hili, msimu wa kuepuka ni kilele cha kiangazi, wakati chakula cha mifugo kinauzwa sana na madeni yanaongezeka, pamoja na Desemba. Wakati mzuri ni mvua zikishatulia na wateja wakiwa wachache.

Kabla ya siku ya kuhamia, stoo yote ihesabiwe kwa mkono. Kila mwenye deni aitwe au atembelewe, salio lake lisomwe mbele yake na akubali au apinge. Kazi hii huchosha, lakini kosa lililoingizwa kwenye mfumo huonekana kama ukweli kwa sababu tu limechapishwa. Baada ya hapo, daftari na programu viende pamoja kwa mwezi mmoja mzima. Kila jioni hesabu zilinganishwe. Zikilingana kwa wiki 4, daftari linaweza kufungwa, lakini lisitupwe.

Maswali 7 ya kumuuliza muuzaji

1. Je, programu hii inaweza kufanya kazi zetu ngumu, hapa dukani, tukiangalia?
2. Imeunganishwa vipi na eTIMS, na ni nani aliyeidhinisha?
3. Malipo ya Lipa na M-PESA yanaingia yenyewe au karani anayaandika?
4. Mtandao ukikatika siku nzima, tutauzaje?
5. Jumla ya gharama kwa miaka 5 ni kiasi gani, pamoja na mafunzo na mabadiliko ya sheria?
6. Tukiacha kuitumia, tutapataje kumbukumbu zetu zote, na kwa siku ngapi?
7. Ni biashara gani zinazofanana na yetu zinazoitumia, na tunaweza kwenda kuzitembelea?

Muuzaji mwema hatachoshwa na maswali haya. Anayejibu kila swali kwa kusema tu kwamba inawezekana, bila kuonyesha, apewe muda wa kwenda kujiandaa, na pesa zibaki mfukoni hadi atakaporudi. Kwa maswali ya eTIMS, wakazi wanaweza kufika kwenye ofisi za KRA. Vikundi vya maziwa na vyama vya ushirika vinaweza kumshirikisha afisa wa ushirika wa kaunti kabla ya kutia saini mkataba wowote, kwa kuwa pesa zitakazolipwa ni za wanachama.